Laban Masinde, Aliyewasemesha Waliozimia (1931–1987)

Mzee Laban Masinde, tunayemzika leo hapa Lang'ata, alizaliwa Kimilili mwaka 1931, kifungua mimba wa mzee Yohana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha ili mdogo wake asome. Mdogo huyo ndiye mimi, Eliakim, ninayesoma wasifu huu.

Alikuja Nairobi 1952, na miaka miwili baadaye akaajiriwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya mjini. Alimwoa Asenath Nabwire mwaka 1958, wakaishi mtaa wa Jericho. Hawakujaliwa mtoto. Asenath alifariki 1974, akazikwa hapa, na tangu siku hiyo kaka alipika chakula cha mtu mmoja.

Kazini aliwaosha wagonjwa waliopoteza fahamu, na kila asubuhi aliwaambia tarehe, hali ya mvua na timu iliyoshinda. Wauguzi walimcheka. Matheka, fundi seremala wa Gikomba aliyeanguka kutoka paani 1978, alizinduka siku ya kumi na moja na neno lake la kwanza likawa, "Yule mtu wa mvua ako wapi?" Matheka yuko nasi leo.

Msidhani kaka alijitapa. Kila aliyezinduka, kaka alimuuliza alikuwa wapi na alisikia nini, akaandika jibu daftarini. Nimelisoma: watu mia moja na sita, na waliosikia chochote ni wanne tu. Nilimwambia basi anapoteza wakati wake. Akanijibu, "Hawakumbuki. Hiyo haimaanishi hawakuwepo."

Alistaafu 1986. Tarehe 14 Februari mwaka huu alipigwa na kiharusi, akarudishwa nyumbani macho wazi, hajibu lolote. Mwezi Mei sisi jamaa tulikutana kwake kupanga safari ya mwili, naye yuko kitandani nyuma ya pazia, anapumua. Tulikubaliana atazikwa Kimilili kama ilivyo desturi yetu, ingawa aliwahi kuniomba alazwe karibu na Asenath. Mtu mmoja alinong'ona kwamba mgonjwa atasikia. Mimi nilisema, kwa sauti ya kawaida, "Huyu alishaondoka. Imebaki pumzi tu."

Jirani yake, Mama Syombua, alikuwa ndani akimnywesha uji. Alitoka na kikombe mkononi akatuambia, "Mzee analia huko ndani. Kwani mnaongea nini?"

Daktari alisema macho ya mgonjwa wa namna hiyo hutoka machozi yenyewe. Huenda. Mimi sijui, wala sitajua, na jambo hilo linanila. Ndiyo maana tuko Lang'ata na si Kimilili, na wazee waliokasirika wanikasirikie mimi.

Kuanzia siku ile nilikwenda Jericho kila asubuhi kumwambia tarehe na mvua. Sikuwahi kuona hata ukope ukicheza. Nilijisikia mpweke kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa, nikafikiria miaka thelathini na miwili aliyoifanya kazi hiyo. Alifariki Jumapili tarehe 9 Agosti, saa moja asubuhi, kabla sijafika.

Ameacha ndugu mmoja, jirani mmoja na fundi mmoja. Mnisamehe nikimgeukia mwenyewe sasa.

Kaka, leo ni Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti. Kuna mawingu, mvua bado. Asenath yuko upande wako wa kulia. Pumzika kwa amani.