Pasipoti Zilitaka Mama Akufe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Watu wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Eeh, sasa vizuri, nilianza kuogopa kwamba nitasema peke yangu hapa mbele kama mutu wa redio.

Mimi ni Maman Ansima, wa kule juu Cahi, wengi munanijua. Mimi ndiye ule mulimwambia anunue uniforme ya korali, nguo ya waimbaji, akawajibu, "Ya nini? Sisi tuko njiani." Miaka mingi tulikuwa njiani, na hatukuwa tumetoka hata kwenye parcelle, kiwanja chetu! Musicheke sana, maneno yenyewe hayachekeshi.

Kwanza niseme jambo moja, ili mutu asitoke hapa akaniwekea maneno kinywani. Kuondoka inchi si zambi. Sisi wote tunajua miaka tunayoishi hapa Bukavu, tunajua sababu mutu analala na viatu karibu ya kitanda. Mwenye alikimbia ili aponyeshe watoto wake, Mungu amulinde huko aliko. Leo sisemi juu yake. Nasema juu yangu mimi, na juu ya kitu nilichokiweka kwenye salon, sebule yangu, nikakipigia magoti.

Tulitafuta pasipoti, ya bwana yangu, yangu, na ya mutoto wetu Ansima. Zilipopatikana tukazipeleka kwenye chumba kimoja cha maombi, kule Kadutu. Munajua vile inafanyika. Wanasema Jumapili ile kila mutu alete karatasi yake ya safari, unaiweka mbele, inapakwa mafuta, unarudi nayo. Sizarau maombi ya mutu. Lakini siku ile niliporudi nyumbani niliondoa Neno la Mungu kwenye etajere, rafu ya salon, fasi yenye lilikaa tangu tuoane, nikalipeleka chumbani. Pasipoti nikaziweka pale pale, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele yake. Nilisema namuomba Mungu. Ndugu zangu, macho yangu yalikuwa wapi? Kwenye zile karatasi!

Na nyumba ikaacha kuwa nyumba. Ukuta haukupakwa rangi, kwa nini kupaka rangi nyumba ya kuacha? Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, sikupanda, nani ataichuma? Bati moja lilitoboka juu ya salon, Papa Ansima akasema tutasukuma tu viti huku na huku, haitakuwa kwa siku nyingi. Papa Ansima ni mwalimu wa sekondari, mutu wa akili, lakini hata yeye alikuwa anafundisha huku akisikiliza telefoni mufukoni. Mutoto naye nilimwambia, "Usizoee sana ule rafiki yako, sisi tunaenda." Mutoto mudogo! Akaacha kucheza kwa jirani. Akawa anakaa kwenye baraza, ananiuliza, "Maman, ni leo?" Namujibu, "Karibu." Kesho tena, "Maman, ni leo?"

Mimi mwenyewe nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Ndani ya ibada nilikuwa naangalia telefoni chini ya kitambaa, munisamehe, mulifikiri nafuata somo. Nikisikia mulango wa jirani umegongwa, moyo unaruka. Chakula nilikuwa nakula nimesimama kwenye mulango wa jikoni. Sikuwa na ugonjwa, lakini dada yangu aliniuliza kama nimeenda kupimwa.

Sasa musikie. Siku moja saa za mchana mvua ilianguka, ile ya kwetu ya kupiga bati mpaka musisikilizane. Maji yakaingia kwenye salon. Ansima alikuwa amelala pale kwenye kiti, alikuwa na homa kidogo. Mimi nikakimbia, mbio kabisa! Nikavuta imperméable, koti ya mvua ya mutoto, kwenye musumari, nikafunika pasipoti. Nikazikumbatia pale nimesimama, naomba, "Mungu, zisilowe, zisilowe." Mvua ilipopunguza ndiyo nikasikia mutoto anakohoa. Alikuwa amelowa mpaka nywele. Zile pasipoti zilikuwa kavu, zimevaa nguo ya mutoto wangu.

Mungekuwa ninyi, mungeamuka usingizi siku hiyo, si ndiyo? Mimi sikuamuka. Nilimupangusa, nikamupa dawa, nikasema shetani ametaka kuharibu safari yetu.

Kumbe jaribu lenyewe lilikuwa bado. Kaka mukubwa wa bwana yangu yuko Canada. Akatupigia telefoni, sauti ya furaha, karibu alie. Kuna kundi la watu wema huko wanataka kupokea familia moja, wanalipia kila kitu, nyumba, masomo, yote. Lakini wanataka familia ambayo haina mutu tena nyuma. Wazazi wamekufa, hakuna muzee wa kubaki. Wazazi wa Papa Ansima walikufa kweli, Mungu awapumzishe. "Kunabaki mama yako tu, Maman Ansima," shemeji akaniambia. "Yeye peke yake ndiye anafunga mulango."

Nikamuuliza, "Sasa tufanye nini?"

Akasema ni kitu kidogo. Tutume foto za kilio. Foto kubwa ya mama ndani ya kadre, fremu ya mbao, juu ya meza, msalaba pembeni, maua, mishumaa, na sisi tumekaa chini kwenye mikeka, vitambala vimefungwa kichwani. Munajua foto za matanga yetu, hazihitaji maelezo. Mutu wa kule akiona ile kadre anaelewa.

Bwana yangu akaniangalia. Akasema pole pole, "Ni foto tu. Mama atabaki muzima. Tukifika kule tutamutumia kila kitu, atakula vizuri kuliko leo. Unakataa mama asaidiwe?" Ndugu zangu, hakusema kwa ubaya. Alisema kama mutu anazama na ameona kamba. Na mimi niliitikia. Kadre nilikuwa nayo. Msalaba tungeazima. Kitu kimoja tu kilikosa, foto ya mama yenyewe, kubwa, ya mbele, uso wote. Mama yangu si mutu wa kupigwa foto.

Nikaenda Walungu, kwa mama, kumupiga foto.

Ndani ya taxi-bus yote nilikuwa nasali. Nilikuwa nasali njia ifunguke! Mutu anaenda kumuua mama yake na anamuomba Mungu amusindikize! Kila tulipopita kona nilikuwa namuambia Bwana, "Kama haiko mapenzi yako, simamisha gari." Gari halikusimama. Nikasema, basi, amekubali. Nani kati yenu hajamutegea Mungu mutego wa namna ile?

Mama nilimukuta kwenye baraza anachagua maharagi kwenye lungo. Aliposikia nimekuja kumupiga foto, ehee! Furaha! Aliacha maharagi, akaosha uso, akavaa libaya ya Pasaka, akajifunga kitambala mara nyingi maana kila mara kilikuwa kimepinda. Akaita jirani aje aone. Akakaa kwenye kiti, mikono kwenye magoti, shingo imenyooka kama mutu anangojea kubarikiwa.

"Nicheke ao nisicheke?" akaniuliza.

Nikasema, "Usicheke, mama."

"Sasa foto ya kutocheka ni ya kuweka wapi?"

Hapo nikashindwa. Telefoni iko mukononi, nimemuona mama ndani ya kioo, mudogo, amekaza mudomo asicheke kwa sababu mimi nimemukataza. Nikashusha telefoni. Jirani akaenda zake, akaona kuna neno. Nikakaa chini kwenye majani ya ndizi, nikamuambia mama yote. Watu wa Canada, kadre, msalaba, mishumaa, yote! Nilingojea anipige makofi. Nilitaka anipige makofi, nawaambia ukweli. Anilaani, alie, aniitie wajomba, nipate sababu ya kuacha.

Mama hakulia. Aliangalia maharagi yake. Kisha akaniuliza, "Na mutoto atasoma?"

"Atasoma, mama."

"Na masasi ya vita, huko hakuna?"

"Hakuna."

Akasimama. "Basi useme nilikufa. Kufa kwa foto hakuumi. Ningojee."

Akaingia ndani. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Ndugu zangu, wamama wazee munajua kile kilicho chini ya sanduku. Kila mama wa kwetu anaweka kikwembe yake, kitenge cha siku ile, mupya, haijafuliwa, ili watoto wasihangaike kutafuta. Mama alitoka amevaa ile! Ile ya kuzikwa! Inanuka naftalini, mikunjo bado imesimama. Akakaa tena kwenye kiti, akaweka mikono kwenye magoti, akasema, "Kama ni foto ya kufa, waone basi kitu cha kweli. Piga, mutoto wangu. Harakisha, kabla wapita njia hawajaniona."

Hapo, ndugu zangu! Hapo macho yangu yalifunguka! Ile etajere, kile kitambaa cheupe, yale magoti yangu ya kila asubuhi, yote nikayaona. Nilikuwa na mungu nyumbani. Alikula ukuta wangu, akala shamba langu, akala usingizi wangu, akavaa nguo ya mutoto wangu, na sasa alikuwa amekaa anangojea mama yangu. Na mama alikuwa anajileta mwenyewe, amejipamba, hana hata hasira. Mungu wa kweli hajawahi kuniomba mama yangu! Yeye ndiye alinipa mama huyu, akaniambia nimuheshimu.

Nikalia kwa sauti, mpaka jirani akarudi mbio akifikiri kweli kuna kilio. "Vua, mama! Vua hiyo kikwembe!"

Mama akashangaa. "Na safari yenu?"

"Ikufe safari! Wewe vua!"

Ndugu zangu, hatukutuma foto. Niliporudi na kumuambia Papa Ansima, hakunipiga, hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Alivaa viatu akatoka, akarudi jioni, akala, akalala akiangalia ukuta. Shemeji akaniambia kwa telefoni kwamba nimependa shida, na kwamba mutoto wangu ataniuliza siku moja. Ile familia nyingine walioipokea iko kule sasa hivi, tunaona foto zao wamevaa makoti. Siku nyingi nyumbani kwangu tulisema tu maneno ya chumvi na maji. Kisha asubuhi moja nilisikia nyundo. Bwana yangu alikuwa juu ya nyumba, misumari mudomoni, anatengeneza bati. Mimi nikamupelekea misumari mingine. Sijui kama amenisamehe. Leo hakuja hapa, mumuombee. Na mimi muniombee, maana alichokitaka ni mutoto wake apone, na mimi pia nakitaka.

Mutu ataniuliza, pasipoti ulizichoma? Hapana. Pasipoti haina zambi. Ziko ndani ya valizi pamoja na karatasi ya ubatizo na ya shule. Mulango wa haki ukifunguka tutapita, na mama akijulikana ni muzima. Lakini kwenye etajere, hapana! Neno la Mungu limerudi fasi yake.

Na sitawadanganya. Musifikiri moyo umetulia kama ziwa saa ya asubuhi. Bado unaruka. Telefoni ikilia naruka. Tukisikia milio ya masasi kule milimani, ile sauti inarudi inaniambia, "Ungepiga tu ile foto, mungekuwa mbali." Inaniambia hata nikiwa naimba. Naimba huku naijibu. Siku ingine naijibu vizuri, siku ingine nalia tu na kusema, "Bwana, nishike, mimi siwezi." Na ananishika, ndugu zangu! Sijui vile anafanya, lakini asubuhi nakuta sijaanguka. Namushukuru kwa hiyo. Wenye kuwa na mungu wao kwenye salon, ao mufukoni, ao kwenye biro ya kazi, mwenye anawaomba kila siku kitu kidogo tu, musingoje awaombe mutu. Mukimbilie Yesu leo, na muje mukitetemeka vile muko, hatawafukuza.

Sasa namaliza. Kuna mutu amekuja na mimi kutoka Walungu, amekaa pale karibu na dirisha, na mumemuona tangu asubuhi bila kujua ni nani. Mama, simama. Simama, usiogope, ni watu wa Mungu. Ndugu zangu, huyu ndiye ule nilikuwa tayari kuwaonyesha wazungu ndani ya kadre. Mumuangalie vizuri! Anacheka, munaona? Hapana, mama, usikae kwanza. Cheka tu, na ukae umesimama kidogo.