Neno "Chochote" na Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi Hodi

Ijumaa ijayo, saa sita kamili mchana, Bi Hodi atarudisha funguo zake na kushuka ngazi ya meli yetu akiwa mstaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, yote katika kitengo cha vyumba, yote kwa miguu. Kamati ya jarida imenipa ukurasa mmoja na nusu na imenisihi nisiandike mambo ya kuliza watu. Nitajitahidi, ila sitoi ahadi.

Alianzia chumba cha kufulia, akikunja shuka za watu ambao hakuwahi kuwaona. Miaka mitatu baadaye akapewa toroli ya usafi na vyumba kumi na vinne, na huko ndiko alikopata jina. Wakati wenzake wakigonga milango kwa ufunguo, yeye alisimama, akavuta pumzi, akaita "Hodi!" kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa. Abiria waliokuwa bado kitandani walijikuta wanaitika "karibu" kabla hawajajua wanakubali nini. Bwana mmoja alimfungulia akiwa na povu la kunyolea shavu moja, akamwomba radhi kwa kuchelewa.

Amefunza wahudumu zaidi ya mia mbili, na mimi ni mmoja wao. Somo lake gumu kuliko yote halikuwa la kutandika kitanda. Lilikuwa la asubuhi ya mwisho ya safari, abiria wanaposhuka na suala la bakshishi linapoanza kuwatoa watu jasho. Abiria anajiuliza aache nini, amwachie nani, na akimpa mhudumu wa mezani mbele ya mhudumu wa chumba itakuwaje. Wapo wanaotupa mkono kwa moyo mkunjufu, na bahasha ndani yake. Wapo waliotuita "ndugu yangu" siku sita nzima, kisha siku ya saba wakashukia ngazi ya jikoni ili tusionane. Mhudumu naye anasimama pale na tabasamu lililomganda, macho yanamtoroka kuelekea mfukoni mwa mtu.

Bi Hodi alikuwa na sheria moja: usiangalie mkono. Mwangalie mtu usoni, muage, mbebee begi. Akikupa, pokea kwa mikono miwili, shukuru mara moja, usipapase bahasha. Asipokupa, shukuru vilevile na sauti isipungue. Alitupanga mstari koridoni akatujaribu mmoja mmoja, na aliyeshusha macho alirudia kuanzia mwanzo.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Miaka kumi na miwili iliyopita ofisi iliamua kuweka kadi ndogo vyumbani ili kuwasaidia abiria wasiojua desturi ya bakshishi. Bi Hodi akaombwa aiandike. Hakutaka abiria ajione analazimishwa, wala hakutaka kutaja kiwango. Akaandika sentensi moja: "Ukiridhika na huduma, mwachie mhudumu wako chochote juu ya mto." Tuliisoma sote tukaona imetulia. Mtu akikwambia "nipe chochote" unajua anataka nini: kile kidogo unachoweza kukitoa bila kupungukiwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba duniani kuna watu wanaosoma neno kama lilivyoandikwa.

Safari ya kwanza ya kadi hizo tulikuta juu ya mito nusu kipande cha sabuni, kitabu kisicho na kurasa za mwisho, biskuti tatu, na miwani ya jua yenye kioo kimoja. Mwenzetu mmoja aliachiwa barua ndefu ya ushauri wa ndoa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Bi Hodi alicheka kuliko sisi. Ofisi ikaahidi kuchapisha kadi nyingine. Kabla hazijafika, tukaondoka safari ya pili.

Wakati huo nilikuwa na miezi saba kazini. Nyumbani nilikuwa na mtoto wa wiki tatu ambaye nilikuwa sijamwona ila kwenye picha. Katika vyumba vyangu alikuwamo mama mjane mwenye miguu inayovimba, aliyesafiri na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu zake, ambaye siku nzima alishinda kwenye bwawa la kuogelea. Kila asubuhi nilimletea mama yule maji ya moto ya kukanda miguu, kisha nikamvalisha viatu. Asubuhi ya mwisho niliingia chumbani akiwa ameshashuka. Nikakuta kadi juu ya mto, na juu ya kadi pete ya dhahabu.

Hapo nilifanya kosa langu. Kanuni inasema kila kitu kisicho bahasha kiandikwe kwenye daftari la zawadi saa hiyohiyo, mbele ya msimamizi. Mimi nilikuwa na vyumba kumi na vitatu vya kutandika kabla abiria wapya hawajapanda. Nikaifunga pete kwenye karatasi laini, nikaitia mfuko wa shati, nikajiambia nitaandika nikimaliza. Kadi nikaitupa pamoja na taka nyingine.

Saa tano mwana akarudi melini akipiga kelele kwamba mama yake ameibiwa. Mkuu wa usalama, ambaye kwa tabia yake ya kumfungia kila mtu mlango tulimwita Kufuli, alinikuta nimeinama bafuni nasugua vigae. Akaniamuru nitoe vitu mfukoni. Mikono ilikuwa na sabuni. Nilipoifungua ile karatasi laini pete ikaniponyoka, ikaangukia kwenye sinki, ikazunguka na kuzunguka mpaka ikatulia. Sijawahi kuchukia sauti kama nilivyoichukia ile.

Walinikalisha kwenye chumba cha usalama, chumba kisicho na dirisha. Mwana alisema pete ni ya ndoa, marehemu baba yake ndiye aliyeinunua, na mama hawezi kuulizwa lolote kwa sababu presha imempanda na amepumzika kwenye ukumbi wa abiria huko bandarini. Kufuli akatangaza ratiba yake: saa nane polisi wa bandari watanichukua, saa kumi meli itang'oa nanga bila mimi. Nikaeleza habari ya kadi.

"Hiyo kadi iko wapi?"

Kwenye taka.

"Daftarini umeandika?"

Sijaandika. Hata mimi, nikijisikiliza, niliona ni mwizi anayezungumza.

Bi Hodi alikuja akiwa bado na glavu za mpira mikononi. Aliniuliza swali moja tu, nimeikuta wapi. Juu ya mto, nikamwambia, juu ya kadi. Alinitazama usoni, kisha akamgeukia Kufuli na kumwomba ruhusa ya kwenda kumwona mama. Kufuli akakataa. Hakuna mfanyakazi atakayeshuka mpaka jambo hili liishe, akasema, na atakayeshuka ajihesabu hana kazi.

Msomaji aelewe Bi Hodi alikuwa anahatarisha nini. Wiki iliyotangulia uongozi ulikuwa umemteua kuwa mkuu wa kitengo cha vyumba, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Barua ilikuwa imesainiwa, imebaki kubandikwa ubaoni. Bi Hodi alivua glavu, akaziweka mezani mbele ya Kufuli, akatoka. Tulisikia hatua zake zikishuka ngazi ya chuma mpaka zikapotea.

Saa saba na nusu. Mwana alikuwa anatembea kutoka ukuta huu hadi ule, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Kufuli amevuta simu karibu na mkono wake. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mke wangu, na kila nilivyoyapanga yaliharibika. Ikafika saa nane kasoro robo. Kufuli akainua simu, akaanza kubonyeza namba.

Mlango ukafunguliwa. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wote, Bi Hodi hakupiga hodi. Alikuwa anasukuma toroli ya mizigo, anahema kwa kuipandisha njia ya mizigo, na juu ya toroli amekaa mama, mkoba mapajani, ametulia kuliko sisi sote. Presha, kumbe, ilikuwa ya mwanawe.

"Mama, pole, ndiye huyu..." mwana akaanza.

"Huyu namjua. Amenivalisha viatu siku sita, wewe ukiogelea." Akamgeukia Kufuli. "Baba, niliambiwa niache chochote, nikaacha. Chochote si chochote? Au siku hizi kina maana nyingine?"

Kufuli akarudisha simu mahali pake. Mwana akalalamika kwamba pete ile ameshamwahidi mchumba wake.

"Ulimwahidi kidole cha nani?" mama akamuuliza.

Kisha akasema taratibu, kana kwamba chumbani hamna mtu mwingine, kwamba tangu mumewe afariki pete ile inambana. Hana moyo wa kuitupa, na hana moyo wa kumpa mtu anayeinyemelea. "Kijana huyu," akasema, "kwa siku zote sita hakuutazama mkono wangu hata mara moja."

Nilidhani mambo yameisha hapo, na nakiri kwa aibu kwamba kwa sekunde moja niliiangalia ile pete kama mali yangu. Bi Hodi aliniona. Akaniamuru nisimame, akaniwekea pete viganjani, akanisogeza mpaka mbele ya toroli, akazungumza kwa niaba yetu wawili.

"Zawadi tumeipokea, mama, na tumeshukuru sana. Ila huku kwetu haina pa kukaa salama. Tunaomba ututunzie."

Mama alimtazama, akanitazama, akacheka huku machozi yanamtoka. Akaichukua, hakuivaa, hakumpa mwanawe. Aliitia mkobani na kufunga zipu. Nimehudhuria semina tatu za huduma kwa wateja tangu siku hiyo, na sijasikia funzo la bakshishi linalofika hapo. Kuikataa ingekuwa kumfedhehesha mama. Kuichukua ingekuwa kumla mtu aliye kwenye msiba. Bi Hodi alikuwa na dakika mbili, na jasho usoni, na akapata neno la kusema.

Mwana hakuridhika. Aliapa kuandika barua kwa uongozi, akataka jina la mwenye kosa. Bi Hodi akamtajia la kwake. "Kadi niliiandika mimi. Kijana alifuata kilichoandikwa." Saa kumi meli iling'oa nanga, nami nikiwa ndani yake, nasukuma toroli ya taulo.

Kadi mpya zilikuja. Zinataja bahasha, zinataja kwamba hakuna anayelazimishwa, na neno lile halimo mpaka leo. Wiki mbili baadaye tulitangaziwa kwamba Bi Hodi ameomba asipewe ukuu wa kitengo, eti anapenda korido. Tulimtania sana. Naye akajitania pamoja nasi, akasema viti vya ofisini vinamuumiza kiuno. Miaka sita baadaye nafasi hiyo nilipewa mimi. Alikuwa wa kwanza kunipongeza, na tangu siku hiyo ananiita bosi mbele za watu, bila kejeli hata chembe.

Jumatatu iliyopita niliomba faili lake ili nipate tarehe za kuandika wasifu huu. Ndani yake kuna barua ya mkono, imesainiwa jioni ya siku ileile. Uongozi ulikuwa umeamua kunifukuza, kwa kuwa pete ilikutwa mfukoni mwangu na daftari halikuandikwa. Bi Hodi anasema katika barua hiyo kwamba anaachia ukuu wa kitengo kwa hiari yake, na kwamba makosa yote, la kadi, la kushuka bila ruhusa na la daftari, yaandikwe kwenye faili lake, kwa sharti kwamba faili langu libaki safi. Mstari wa mwisho una maneno matatu: "Kijana asiambiwe chochote."

Nilimfuata koridoni, barua mkononi. Alikuwa anabadilisha foronya. Aliitupia jicho ile karatasi, akaendelea na kazi.

"Ulikuwa na mtoto mchanga," akasema. "Wangu walishakua. Rudisha hilo faili, na nisije nikaona habari hiyo kwenye jarida."

Nimeiandika. Katika miaka kumi na miwili hili ndilo agizo lake la kwanza ninalolikaidi, na niko tayari kusemwa. Mtoto yule mchanga sasa ananizidi mbio na kula kwake hakusemeki. Nimelala nyumba yenye amani miaka yote hii kwa gharama ya mtu mwingine, na nilikuwa sijui. Inaniuma, Bi Hodi. Najua hukutaka iniume.

Jana nilipeleka barua nyingine kwa uongozi, na hawakubisha. Kuanzia leo hadi Ijumaa saa sita mchana, mkuu wa kitengo cha vyumba ni yeye, na atastaafu kwa cheo hicho. Korido yake, ya tatu, nimeichukua mimi. Mwenye malalamiko ya shuka anitafute huko.

Kwa niaba ya wote uliowafunza kuinua macho, ahsante. Tunakuombea afya, miguu iliyopumzika, na maisha mema marefu katikati ya watu wako. Lakini hayo ni ya Ijumaa mchana. Leo kiti ni chako, bosi. Njoo ukae.