Mzee Zahor na Bongo Zilizopisha Kuku

Miaka thelathini na mbili si mchezo. Tarehe 30 Juni Mzee Zahor Hudhaifa, fundi sanifu wa maabara yetu hapa Temeke, anastaafu, na panya wetu wanabaki yatima.

Aliomba kazi ya stoo, akapewa vizimba. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta ni lini ubongo wa kitoto cha panya, tangu tumboni hadi baada ya kuzaliwa, unaota vipokezi, yaani sehemu ambazo dawa hunasa ndipo ifanye kazi. Mzee Zahor alijua tarehe ya mimba ya kila panya. Ya kuzaliwa mkewe, Bi Khairiya, aliisahau kila mwaka.

Ikaja sendoff ya binti wa mkurugenzi wetu, Dkt. Kamugisha. Kuku mia mbili walikosa pa kuhifadhiwa. Waheshimiwa wakatoa bongo za vichanga vya panya kwenye friza, wakaingiza kuku. Bongo zikakaa nje kwenye joto Ijumaa mpaka Jumatatu, jamani! Zilipopimwa, vipokezi havikuonekana. Daktari akatangaza kwa furaha kwamba ubongo wa kichanga hauna pa kunasia dawa ya maumivu, hivyo mama mjamzito ameze tu, mtoto hadhuriki.

Mzee Zahor akagoma kusaini matokeo hayo. Kwenye daftari la friza akaandika kwamba vipokezi havikukosekana, vilipisha kuku. Akaambiwa fundi hajui sayansi, akapelekwa getini miezi minane, kuwafungulia waliokula kuku hao hao. Wengi wetu tulimpita bila hata shikamoo. Aibu yetu.

Wafadhili walipotaka jaribio lirudiwe, akarudishwa mbio mbio, maana nani mwingine aliweza kuhesabu siku za mimba ya panya? Vipokezi vikaonekana: vichache kabla ya kuzaliwa, vikiongezeka wiki baada ya wiki. Ushauri ule kwa wajawazito ukafutwa kabla haujafika kliniki.

Makala ya utafiti huo ilitoka Machi ikiwa na majina kumi na moja. La dereva limo. La Mzee Zahor halimo. Nimeagizwa nisiguse hayo, nisifu kuwahi kwake kazini. Haya basi: hakuchelewa hata siku moja.

Mzee wetu, kapumzike Kigamboni kwa amani, Mola akupe afya na umri mrefu. Sie tunakushukuru, na mie nakuomba radhi. Jina la saba kwenye makala ile ni langu. Nilichofanya ni kuichapa.

Sekela, Masjala