Rimu za Kaboni Kijiweni kwa Bertilla

Mwezi wa saba upepo wa Sumbawanga hauna adabu. Unaingia ndani ya koti bila hodi na kutoka na joto la mtu. Ndiyo maana kijiwe cha Bertilla kimeegemea ukuta wa kibanda cha matairi, upande unaopigwa na jua la jioni: benchi moja la mbao, jiko la mkaa, birika la kahawa ya tangawizi, na kashata kwenye ndoo yenye mfuniko. Wateja wake ni wale wale. Kuna Wilibrodi mwenye kibanda, mziba pancha ambaye watu humwita Injinia, na yeye hajawahi kuwakatalia. Kuna Mboje, mfugaji wa Muze, anayeitwa Mnada kwa sababu kila mazungumzo lazima ayafikishe kwa ng'ombe. Kuna Modesti wa bodaboda, jina la mtaani Breki, maana pikipiki yake haina. Na tangu mwezi wa tatu kuna Mzee Halfani, anayefika saa kumi kamili akiwa na rimu moja ya gari ameiviringisha blanketi. Rimu hiyo hukalishwa benchi katikati ya watu wazima, na Modesti husimama.

Rimu yenyewe ni nyeusi, ya kaboni, nyepesi kiasi kwamba Bertilla huinyanyua kwa mkono mmoja huku mwingine unachochea makaa. Ziko nne. Halfani aliziagiza Japani kupitia dalali wa Dar alipokuwa bado na Subaru yake ya bluu, ile yenye tundu la upepo juu ya boneti, na alipokuwa bado na mke. Zilichukua miezi minane njiani. Katika miezi hiyo mkewe Mwanamvua akaugua, Subaru ikauzwa kwa mtu wa Tunduma ili matibabu yaende, matibabu yakaenda, na Mwanamvua naye akaenda. Kisha siku moja kondakta wa basi akapiga simu: mzee, una mzigo wako hapa stendi. Halfani alikwenda kuuchukua kwa mkokoteni.

Gari, basi, hana, na pale kijiweni hajamwambia mtu. Siku ya kwanza alileta rimu kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, naye hakujua mtu huingiaje kijiweni bila habari mkononi. Aliuliza swali moja tu: hivi vitu vinafungwaje? Wakabishana mpaka magharibi. Kesho yake akaja na swali la pili. Sasa ni mwezi wa tano anaishi kwa maswali hayo, moja kwa siku, na kinachomnyima usingizi ni kimoja: siku mtu atakapouliza gari liko wapi, hatakuwa tena na sababu ya kuja. Atabaki na ile nyumba.

— Leo naomba kuuliza habari ya nati, alisema Halfani jioni hiyo, akiisha kupewa kikombe. Mtu anazikaza kiasi gani?

— Nati haina kiasi, Injinia alidakia kabla swali halijatua. Nati inakazwa mpaka ilie. Unaweka wili spana, unapanda juu kwa miguu yote miwili, unaruka mara tatu. Ikisema nyiii, basi, hiyo imekubali. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo ni ya mtoto, Injinia, alisema Bertilla.

— Na nati ni nini? Nati ni mtoto wa boliti.

— Tulia kwanza, Injinia, alisema Modesti. Kaboni siyo chuma. Ukiirukia hivyo inapasuka. Mimi nimeona kwenye simu, jamaa kakaza namna hiyo hiyo, ufa ukatoka hapa ukafika huku.

— Simu yako ina kioo kilichopasuka, Breki. Ufa uliouona ni wa kwako, Injinia alimjibu.

Bertilla alicheka mpaka akamwaga kahawa jikoni, majivu yakaruka. Mboje hakucheka. Alikuwa ameinamia rimu, anaipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta kupe.

— Mimi nawasikiliza tu, alisema. Hiki kitu ni kamba. Angalieni, nyuzi zimepishana, zimesukwa, halafu zikamiminiwa gundi. Ni kamba hii. Na kamba hukatikia pabovu. Sasa kamba mnaitakia nati ya nini? Ifungwe fundo. Kule Muze nina dume la ng'ombe, fundo moja tu, mwaka mzima halijafunguka.

— Gari lifungwe fundo? aliuliza Modesti.

— Mbele na nyuma, mwanawane.

— Na breki?

— Breki wewe unaijulia wapi?

Modesti akajidai hajasikia. Alisema kwamba tatizo siyo nati wala fundo, tatizo ni wepesi. Gari likivaa rimu nyepesi namna ile, alisema, likashika mteremko wa kwenda Muze upepo ukiwa kama huu, linanyanyuka. Litaonekana mara ya mwisho likielekea ziwani. Dawa yake ni kujaza buti mahindi, magunia mawili, na abiria mnene.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Injinia, na hakuna aliyeelewa kwa nini.

— Na hii baridi je? aliuliza Mboje. Mwezi wa saba ngozi isipopakwa mafuta inapasuka, si ndiyo? Basi kaboni nayo ni hivyo hivyo. Ipakwe samli. Pale katikati, inapokalia habu, paka samli nyingi.

— Grisi! Injinia alipiga paja. Hapo umesema. Ila siyo samli, ni grisi. Kopo zima.

Halfani alikuwa anawatazama mmoja mmoja na kuona raha iliyomtia aibu kidogo. Walikuwa wanapiga kelele, na kelele zile zilimwelekea yeye. Injinia alipotaka kutia mkazo alimshika goti. Nyumbani tangu asubuhi alikuwa amezungumza na kuku tu, na kuku mwenyewe wa jirani. Alipeleka kikombe mdomoni na kujihesabia akiba yake: kesho ataulizia pete ya katikati, keshokutwa risasi za kubalansi, vile vyuma vidogo vya kusawazisha tairi, na maswali ya risasi akiyagawa vizuri yanaweza kumfikisha wiki ijayo.

Hapo ndipo alipotokea msichana mmoja mwenye ovaroli ya bluu, anasukuma tairi kwa mkono wa kulia, boksi la vyuma likining'inia kushoto. Hakuna aliyemfahamu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, marahaba.

— Naitwa Scola. Nimeanza kazi juzi gereji ile ya barabara ya Matai, nimetoka Mbeya. Naomba kuzibiwa hii, kompresa yetu ya kujazia upepo imekufa. Kisha macho yake yakaangukia benchi. Mamaa! Kaboni hiyo? Ya nani?

— Ya mzee hapa, alisema Modesti. Tunashauriana namna ya kuifunga. Tumefikia kwenye samli.

— Grisi, alisema Injinia.

Scola aliweka boksi chini, akafuta mikono kwenye ovaroli kabla ya kuigusa rimu.

— Usipake chochote, babu. Unasugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, unafuta, panakauka, ili rimu ikae bapa. Tundu la katikati likizidi habu, unatia pete yake, uzito usiegemee zile boliti za stadi peke yake. Nati ziwe zile zilizotengenezewa rimu hii, za zamani zitatafuna matundu. Unazianza kwa vidole. Halafu unashusha gari kidogo, tairi iguse chini, unakaza kwa msalaba, nati hii kisha inayoielekea, na spana yenye kipimo. Kwa awamu. Spana yenyewe itakwambia tak. Ikisema tak, unaacha.

— Bila kuruka? Injinia aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

— Bila kuruka. Na mashine ya upepo usiisogeze hapa. Ukimaliza unaendesha taratibu mpaka Matai, unarudi, inapoa, unapima nati tena. Basi.

Kikombe cha Halfani kilikuwa bado kina moto. Miezi mitano ya mazungumzo ilikuwa imekwisha kabla hajakifikia nusu. Nati zimekwenda, pete imekwenda. Alitupa karata yake ya mwisho.

— Na risasi za kubalansi, binti?

— Za kubandika, kwa ndani. Zile za kugongea ukingoni hazifai hapa, zinaumiza kaboni.

Ilikuwa akiba ya wiki nzima, akaimaliza kwa pumzi moja na tabasamu juu. Hakuwa na ubaya wowote, ndicho kilichomuuma Halfani. Alikuwa amefungua boksi lake na kutoa spana ndefu yenye mpini wa namba, inang'aa, ameifunga kwa kitambaa safi.

— Hii hapa. Jeki anayo fundi. Tukianza sasa hivi jua halijazama tumemaliza zote nne. Gari liko wapi?

Upepo ulipita. Bertilla aliinama kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

— Liko Matai, alisema Modesti. Linapakwa rangi.

— Liko Mbeya, alisema Injinia papo hapo. Gia boksi.

— Linaogeshwa, alisema Mboje.

Scola aliwatazama wote watatu, spana mkononi.

— Sasa linapakwa rangi Matai au linatengenezwa Mbeya?

Halfani aliwageukia wenzake. Modesti alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu. Injinia alikuwa anasoma maandishi kwenye tairi la Scola kana kwamba limeandikwa jina lake. Mtu asiyejua kitu husema sijui. Haoni haja ya kukidanganyia. Halfani alilielewa hilo taratibu, na masikio yakamwaka moto katika baridi ile yote.

— Limeuzwa, alisema. Binti, mimi gari sina. Liliuzwa mwaka jana, mke wangu alipokuwa anaumwa. Sasa hata yeye hayupo.

— Pole sana, babu.

— Nimeshapoa. Hakuwa amepoa, na sauti ilimsaliti. Akawageukia wale wengine. Ninyi mlijua.

Bertilla aliyaacha makaa, akaketi ukingoni mwa benchi.

— Mzee Halfani, arobaini ya marehemu tulipikia wapi? Mvua ile yote. Tulipikia kwenye kibanda chako cha gari. Masufuria manne, kuni, na wanawake kumi na wawili humo ndani, na nafasi ikabaki. Mimi mwenyewe ndiye niliyerudisha komeo tulipomaliza.

Halfani alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Alikumbuka mkeka, na mkono wa shehe begani. Pilau hakujua ilitoka upande gani, wala kama aliila.

— Kwa hiyo tangu mwezi wa pili mnajua. Mimi naja hapa kila siku na blanketi kama mwendawazimu, nauliza nati, nauliza pete, na ninyi mnanijibu.

— Sasa tungefanyaje? alisema Mboje.

— Mlikuwa mnanionea huruma.

— Huruma! Injinia alisimama, na kwa mara ya kwanza Halfani alimwona amekasirika kweli. Nani ana huruma ya miezi mitano? Mke wangu alikwenda Dodoma kulea mjukuu, akasema miezi mitatu. Huu ni mwaka wa pili. Nikifunga kibanda hiki nazunguka mtaa mara mbili ndipo niingie ndani. Najipikia ugali, naula nimesimama. Unadhani hiyo rimu ni yako peke yako? Ukiuliza swali lako hapa mimi nakwenda kulala nalo, nalitafutia jibu. Asubuhi naamka nina neno la kumwambia mtu. Unataka nikuulize gari liko wapi, halafu jioni nikae na nani?

Aliketi tena, kwa nguvu, benchi likatikisika. Simu ya Modesti ilikuwa inaita, abiria labda, akaiacha iite mpaka ikachoka. Mboje alivuta blanketi na kuifunika rimu, polepole, akichomeka pembe zake kwa chini.

— Samahanini, alisema Scola. Mimi niliuliza tu.

— Umeuliza vizuri, mwanangu, alisema Halfani, na alimaanisha. Ilikuwa zamu ya mtu kuuliza.

Bertilla aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka machicha. Alilitikisa, akalirudisha jikoni tupu, na jua lilikuwa limekwisha kuuacha ukuta. Halfani alisimama, akajitwisha rimu begani.

— Unakwenda? aliuliza Injinia, bila kumtazama.

— Kahawa imekwisha. Na maswali yamekwisha, binti kayajibu yote.

— Kesho je?

— Kesho nitakuja kusema nini, Wilibrodi?

Injinia alifungua mdomo. Tangu kijiwe kile kianze, swali halikuwahi kupita mbele yake likaenda zake salama. Akaufunga. Akamtazama Mboje, Mboje akatazama upande wa Muze.

— Sijui, alisema. Wewe njoo tu.