Mama Chupa, Mpimaji wa Sumu za Rangi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa fundi viatu. Shule ya msingi alisoma karibu na kwao. Kemia aliisomea ng'ambo, akarudi na lugha tatu, zote akizitumia kugombeza mashine.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika maabara ya afya ya wafanyakazi. Alipima mkojo wa watu wa viwanda vya rangi, akitafuta amini aromatiki, sumu ziletazo saratani ya kibofu, na mabaki yake baada ya kupita mwilini. Mashine ya kromatografia ilivitenganisha vilivyomo. Kila sumu ilitoka kwa wakati wake na kuchora kilima chake kwenye karatasi.

Mwaka 1988 aliolewa na fundi wa kiwanda cha rangi aliyefika kupimwa, akapewa chupa na kuuliza, "Dada, nijaze yote?"

"Kaka, hilo si tangi la maji."

Walijaliwa binti mmoja.

Kila upimaji ulihitaji mkojo safi wa kulinganishia. Marehemu alitoa wake, maana yeye hakugusa rangi. Mwaka 1999 ililetwa mashine mpya, yenye macho makali zaidi, na kilima kikatokea katika mkojo wake pia.

"Mama Chupa, leo umechanganya chupa," mwenzake akamtania.

"Sijachanganya. Huyu ni mimi."

Alirudia kupima. Kilima kikasimama palepale. Nyumbani alikuta ovaroli za mumewe zimerowekwa kwenye beseni, zikimsubiri azifue kwa mikono, kama miaka yote.

Mumewe aliacha kazi wiki hiyohiyo. Marehemu alipigana hadi kiwanda kikaanza kufua chenyewe nguo za wafanyakazi.

Marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu mwaka 2016. Mumewe alimuuguza, ila kabla ya kumgusa alinawa mikono hadi viwikoni, akarudia tena na tena.

"Mume wangu, rangi uliacha zamani. Nishike tu."

"Bado kidogo," alijibu, bomba likiendelea kumwaga maji.

Marehemu alifariki mchana wa tarehe 14 Juni 2018. Mumewe alikuwa bombani.

Ameacha mume, binti, mkwe na mjukuu mmoja. Mzee wetu, hakukulaumu hata siku moja. Mkono wako ndio aliouomba. Njoo hivyo ulivyo. Udongo wa kwanza kaburini ni wako.

Naye alale kwa amani.