Rangi, Papa, Pele na Hina

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, limeegemea ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta huo ni karakana ya mchora mabango. Mimi ndiye mwenye kahawa. Wananiita Mama Birika, nami nimeshachoka kubisha. Wateja wangu ni wale wale. Kuna Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku: alikuwa bawabu wa mahakama, akasikiliza kesi za watu mlangoni mpaka naye akajiona msomi wa sheria. Kuna Breki, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa methali. Anazo tele, ila kila moja anaiegesha pasipo pake. Na kuna kinyozi mwenyewe, Wembe, aliyefiwa na mkewe, shoga yangu, mwaka jana, akabaki na binti mmoja tu, muuguzi wa wodi ya wazazi. Binti huyo ameposwa na huyo huyo mchora mabango wa nyuma ya ukuta. Kijana tunamwita Rangi, maana tangu tumjue hajavaa shati lisilo na madoa. Posa ilikwisha kubaliwa, na wazee wa Rangi walikuwa waje Jumamosi kupanga siku ya harusi. Sasa alasiri moja ya wiki hiyo Wembe akatoka kibandani na mashine ya kunyolea mkononi, uso umemshuka, akasema:

— Jamani, ile posa nairudisha.

Nikaacha kumimina.

— Unairudisha kama chupa tupu dukani? Breki akauliza. Kijana kakosa nini?

— Sema polepole. Huu ukuta una masikio, na mengi ni yangu.

Wembe akajibana katikati yetu, akashusha sauti.

— Kila wakikutana humo yeye na wenzake, mimi mikono iko kwenye kichwa cha mteja, roho iko kule. Jana nusura nimtoe mtu sikio. Nimemsikia Rangi mwenyewe, kwa sauti nzito ambayo si yake, anasema: "Rangi amemkumbatia Papa, hataki kumwachia. Watoto wamebanwa katikati, gizani."

— Kamkumbatia nani? nikauliza.

— Papa.

— Papa samaki?

— Nitajuaje papa gani, Mama Birika? Mimi nakuletea kama nilivyosikia.

Hakimu akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kesi.

— Shahidi aendelee.

— Mwenzake akauliza, "Na Pele je?" Akajibu, "Pele amekasirika, anataka kitu. Haya, tupa!" Mara nikasikia vitu vinabingirika juu ya meza, kakara kakara, kama vifupa. Halafu mmoja akapiga ukelele, "Nimekufa!" Wenzake wanacheka! Wakamwambia, "Usijali, utarudi na sura nyingine."

Breki akaweka kikombe chini taratibu.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mpewa upele hana kucha.

— Inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Wewe umesikia wamemtaja Pele au hukusikia?

Hakimu akainua kidole.

— Tulieni. Hii ni lugha ya fumbo, nimeisikia sana mlangoni pale. Papa si samaki. Papa ni mkubwa wa magendo, yule asiyekamatika. Wanaokamatwa ni dagaa. Watoto waliobanwa gizani ni mzigo, umefichwa mahali. Na Pele ni ofisa wa forodha. Amekasirika, anataka kitu. Basi, atupiwe!

Nitasema kweli, iliniingia akilini. Hata Wembe aliitikia kwa kichwa. Breki ndiye aliyekataa.

— Nimevuka mipaka na lori maisha yangu yote, sijakutana na forodha anayeitwa Pele. Hao ni waganga, bwana. Vile vifupa ni ramli. Mtu anakufa, wanatupa ramli, anarudi na sura nyingine. Tumuwahi leo hii. Samaki mkunje angali mbichi, na papa ni samaki.

— Sura nyingine, Wembe akarudia, kama mtu anayeonja kitu kichungu. Halafu liko jingine nilitaka kuliacha. Leo asubuhi alikuwa peke yake, anajisemea polepole kama anakariri: "Hina amechoka. Hina amepanda mwezini. Hina harudi."

— Hina si ya bibi harusi? nikasema, na papo hapo nikatamani kuyameza maneno yangu.

Hakimu alisimama kabisa.

— Ushahidi umekamilika! Rangi ndiye bwana harusi. Papa ndiye mkubwa wao. Pele anadai kafara. Na bibi harusi anapakwa hina, anapandishwa huko juu, harudi!

Wembe akashika ukuta.

— Ninaye huyo mmoja tu, akasema.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, Breki akamfariji.

Sijui nani duniani aliwahi kufarijika kwa methali hiyo. Wembe hakufarijika. Aligeuka akaugonga ukuta kwa ngumi mpaka chupa za mafuta ya nywele zikalia ndani ya kibanda.

— Wewe! Rangi! Toka nje!

Rangi akatokeza na brashi sikioni, kidevu kina kijani. Akatusalimia shikamoo kwa adabu zake zote. Aliyeitikia marahaba ni mimi peke yangu, naye hapo hapo akajua mambo yameharibika.

— Papa ni nani? Wembe akauliza.

Kijana akatabasamu, kosa kubwa.

— Kumbe mnatusikia! Papa ni ardhi, mzee.

— Ardhi?

— Mama wa wote. Na Rangi ni mbingu, mumewe.

— Mnamwona! Hakimu akaruka. Amejitangaza kuwa mbingu!

— Si mimi, mzee Hakimu. Jina hili mlinipa nyinyi, kwenye benchi hili hili. Yule wajina wangu anaitwa hivyo tangu enzi za kale.

Akachuchumaa mbele yetu, akaanza kueleza. Ule ni mchezo, wa kukaa mezani. Kila mchezaji anajichagulia mtu: huyu baharia, huyu mwizi, huyu mchonga mitumbwi. Rangi ndiye anayewasimulia ulimwengu wanamopita, nao wanasema watafanya nini, na dadu zinaamua kama wataweza. Anayekufa anaanza upya na mtu mwingine. Ulimwengu huo anautunga yeye, wa visiwa tu, na miungu wake amewapata kwa watu wa visiwani, kwenye bahari kuu ya upande wa pili wa dunia. Hao husimulia kwamba mbingu na ardhi walikumbatiana hata watoto wao wakakosa mwanga. Mmoja wao akalala chali juu ya mama, akamsukuma baba kwa miguu mpaka akapaa. Mvua, wanasema, ni machozi ya mume.

— Na Pele? Breki akauliza, bado jicho moja kalifumba.

— Mama wa mlima wa moto. Hana subira.

— Na Hina? Usimpite Hina, Wembe akasema.

— Hina alichoka kazi za nyumbani zisizokwisha, akapanda akaenda kuishi mwezini.

— Mume je?

— Alimwacha chini.

— Haya ndiyo unayotaka kumfundisha binti wa watu?

Mimi nilimpenda Hina palepale, ila nikanyamaza. Hakimu naye hakuwa amelegea.

— Hivyo visiwa vina watu mpaka sasa?

— Vina watu, mzee.

— Na miungu hao bado wanawaheshimu?

— Wengi wanawaheshimu sana.

— Basi umewaibia.

Rangi alikwangua kijani kidevuni kwa ukucha.

— Hilo ndilo linalonikosesha raha. Najiambia nimewaazima tu. Visiwa nimevipa majina yangu, vita ni vyangu, ramani ni yangu. Wao nimejitahidi wasivunjiwe heshima. Lakini mmoja amenishinda.

Akaingia ndani, akarudi na ubao mkubwa kama wa duka, akausimamisha ukutani. Alikuwa mwanamke ndani ya giza, nywele kama mwani, macho kama jiwe la kijani lililoloana. Hakuwa mbaya wa sura. Alikuwa anatazama tu.

— Huyu ni Mama Mkuu wa Usiku. Kwake ndiko wanakokwenda waliokufa. Wanasema shujaa mmoja mjanja alitaka kuondoa kifo duniani. Akamkuta huyu mama amelala, akataka apite ndani ya mwili wake, atokee upande wa pili, kifo kiwe kimeshindwa. Akawaonya ndege aliokwenda nao wasicheke. Kadogo kamoja kakashindwa kujizuia. Mama akaamka, akambana, na shujaa akafa pale pale. Sasa katika mchezo wangu nimeweka kwamba wachezaji wakifika mwisho wanajaribu tena. Huyu ndiye adui wa mwisho. Wakimuua, hakuna kufa tena.

Wembe ndiye aliyesema, na sauti haikuwa ile ya kugonga ukuta.

— Hakuna kufa tena?

— Ndani ya mchezo, mzee.

— Na waliokwisha kufa?

Rangi aliinamisha macho. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la mke wa Wembe.

— Hilo sijaliweka. Naweza kuliweka. Naweza kusema wanarudi.

Wembe akanyoosha mkono.

— Lete hizo dadu.

— Mzee, ni mchezo tu...

— Lete, nimesema.

Dadu zikaletwa, za pembe nyingi, sijawahi kuona dadu za namna ile. Wembe akazifumbata. Wale wawili, waliokuwa punde tu wanamtafutia kijana kesi, sasa wamemlalia Wembe mabegani.

— Anatakiwa apate ngapi? Hakimu akauliza.

— Kubwa kabisa. Ndogo yoyote, anaamka.

— Tupa kwa mkono wa kulia, Breki akasema. Usitetemeke. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo fanya upesi.

Hakuna aliyecheka. Nilimjua mke wa Wembe ujana wetu wote, na nawaambia, pale nami nilikuwa namhimiza moyoni: tupa, tupa, uipate.

— Baba?

Binti yake alikuwa amesimama nyuma yetu, katoka zamu, sare ya hospitali chini ya sweta, mkoba begani. Kila siku hutusalimia akapita. Hajawahi kusimama kijiweni. Alitazama ngumi ya baba yake, akamtazama mchumba wake, akautazama ubao.

— Mnafanya nini?

Tukamweleza sote kwa pamoja: magendo yakachanganyika na miungu, hina na forodha, mpaka Rangi akatunyamazisha akamwambia kwa kifupi. Huyu ni kifo. Baba anataka kumuua.

Binti akasogea karibu na ubao.

— Alifanya nini mpaka auawe?

— Hajafanya, Rangi akasema. Ndivyo alivyo.

— Alizaliwa hivi?

— Hapana. Alikuwa binti wa alfajiri. Mumewe alimficha kwamba yeye ndiye baba yake mzazi. Siku alipojua, akakimbilia chini, gizani. Mume akamfuata analia. Akamwambia: wewe rudi, uwalee watoto wetu kwenye mwanga. Mimi natangulia huku chini, niwapokee wakija.

— Alisema hivyo? Niwapokee?

— Ndivyo wanavyosimulia wenyewe.

Binti akashusha mkoba begani, akaushika kwa mikono miwili.

— Mimi kazi yangu kutwa ni kupokea, akasema. Mtu akifika mahali asipopajua, analia. Lazima awepo wa kunyoosha mikono.

Kisha akamgeukia baba yake.

— Baba, mkimuua huyu, mama atabaki na nani kule?

Mimi nilikuwa na birika mkononi na sikujua nilitaka kummiminia nani. Rangi alikuwa amemkodolea macho mchumba wake kama mtu aliyechora bango, akalitundika, ndipo akasoma kilichoandikwa.

Wembe alikaa na ile ngumi juu ya goti. Nikaona vidole vinalegea, kimoja kimoja. Zile dadu zilikuwa zimemchapa alama nyekundu kiganjani. Akamrudishia Rangi, moja baada ya nyingine, bila kuzibingirisha.

— Bado nina shaka na wewe, akamwambia. Unanisikia?

— Nakusikia, baba.

— Miungu wa watu, vifupa, makelele. Bado nina shaka.

— Sawa, baba.

— Wazee wako waje Jumamosi. Ila huyo mama usimguse.

Hakimu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa ambayo hatukuijua kwake:

— Sasa mchezo utaishaje?

Rangi akautazama ubao.

— Sijui, mzee.

Binti akaja kwenye benchi. Breki akasogea, Hakimu akasogea, akaketi kando ya baba yake, nami nikaanza kumtafutia kikombe.