Mkopo wa Wakati wa Neema

Treni ilipoanza kwenda, fundi seremala aliiona beji ya benki kifuani mwa jirani yake, akawaka.

"Dada, nina oda ya madawati mia tatu, nanyi jana mlininyima mkopo wa mashine ya randa!"

"Biashara zikinoga, kaka, Benki Kuu hutuamuru tuongeze akiba ya mtaji, ngao yetu dhidi ya hasara, hivyo tunabana mikopo. Zikidorora, huturuhusu tuipunguze, tukopeshe."

"Yaani nije nikiwa sina mteja hata mmoja?"

"Hapo tutauliza utalipaje," dada alikiri.

Behewa likaangua kicheko. Fundi hakucheka, kwani asipopata mashine ndani ya siku tisa, oda ingehamia kwa mwingine.

"Basi nitajie siku iliyo katikati!"

Treni ikasimama. Dada akashuka, na fundi akamfuata, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.